Smudhi ya Matunda Yenye Protini: Mwongozo wa Jikoni Kipsongo

Tunda halina protini ya kutegemewa. Anza hapo. Wengi husaga papai, ndizi na nanasi, wakaongeza asali, kisha wakaamini wamekunywa mlo kamili. Walichokunywa ni utamu, maji, vitamini na nyuzinyuzi. Ni vitu vizuri, lakini saa nne asubuhi njaa itakuwa imerudi. Ndizi moja ina gramu moja hivi ya protini. Kikombe cha vipande vya papai hakifikishi hata hiyo.

Protini ya smudhi inatoka kwingine, na bahati nzuri "kwingine" huko ni karibu nawe. Ukiwa Kipsongo, hapa pembeni mwa mji wa Kitale, uko katika kaunti ya Trans Nzoia inayojulikana kwa maziwa na mahindi. Ukishuka kuelekea Bungoma unakutana na njugu karanga, simsim na soya, na soko la Chwele limejaa mazao ya shambani. Mkebe wa unga wa protini unaouziwa watu wa jimu mjini hauhitajiki. Unachohitaji ni kujua kipi kiende na kipi, kwa sababu kuna shida moja ambayo mapishi mengi huiruka: vyakula vyenye protini huharibu rangi ya matunda. Njugu huleta ukahawia, na bitiruti nyekundu ikikutana na njugu zenye maganda unapata kinywaji cha rangi ya udongo. Kwa hiyo katika mwongozo huu tunachagua rangi kwanza, halafu tunachagua protini inayoendana nayo.

PROTINI KIASI GANI?

Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60, basi, anahitaji gramu 50. Glasi kubwa ya smudhi yenye gramu 18 hadi 22 inabeba zaidi ya theluthi ya hitaji hilo. Hicho ndicho kipimo chetu. Kuzidisha hakuna faida kubwa, na smudhi iliyojazwa unga huwa nzito kama uji wa mgonjwa.

KISANDUKU: PROTINI IKO WAPI (makadirio)

- Maziwa freshi, kikombe cha mililita 250: gramu 8
- Mala, kikombe cha mililita 250: gramu 8
- Siagi ya njugu, vijiko vikubwa 2: gramu 8
- Unga wa soya iliyochemshwa na kukaangwa, vijiko vikubwa 2: gramu 5
- Maziwa ya unga, vijiko vikubwa 2: gramu 4
- Simsim, vijiko vikubwa 2: gramu 3
- Nusu ya parachichi: gramu 2
- Ndizi moja: gramu 1
- Kikombe cha vipande vya embe: gramu 1
- Kikombe cha vipande vya papai: chini ya gramu 1

Ukitazama orodha hiyo utaona jambo moja: kikombe cha mala na vijiko viwili vya siagi ya njugu tayari ni gramu 16. Zilizobaki ni nyongeza ndogo.

Mayai sikuyaweka, na nimeyaacha makusudi. Yai bichi kwenye smudhi linaweza kuleta salmonela, na hata lisipokuletea ugonjwa, mwili hunyonya nusu tu hivi ya protini yake. Yai lililopikwa hunyonywa kwa takriban tisa kwa kumi. Ukiwa na yai, lichemshe ulile kando.

KABLA YA KUSAGA: MAMBO MANNE YASIYOSUBIRI

Smudhi haipikwi. Uchafu wowote ulioingia kwenye jagi utaingia tumboni ukiwa hai. Ndiyo maana usafi unakuja kabla ya ladha.

1. Maziwa. Chemsha maziwa yote ya mwenye bodaboda, ya jirani na ya dukani yasiyofungwa kiwandani. Maziwa mabichi huweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Yakishafura, punguza moto, koroga, yaache yatokote dakika mbili tatu, kisha funika na uyapoze ndani ya beseni la maji baridi. Maziwa ya pakiti yameshatibiwa kwa joto. Pakiti ikiwa nzima na tarehe haijapita, yatumie moja kwa moja.

2. Maji na barafu. Maji ya mfereji, ya kisima au ya mvua, yachemshe au uyatibu kwa dawa ya maji ukifuata maelezo ya chupa. Wengi hukumbuka maji ya kunywa, halafu wanagandisha barafu kwa maji mabichi. Barafu haiui vijidudu.

3. Njugu. Hapa uwe mkali. Njugu zilizopata unyevu huota kuvu inayotoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo hiyo, ikiwa ndani ya mahindi, iliua watu 125 mwaka 2004 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake. Kukaanga hakuiondoi yote, na kusaga huificha kabisa. Kwa hiyo nunua njugu zikiwa punje, zimwage kwenye ungo penye mwanga, utoe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu. Ukionja moja ikawa chungu, iteme, na usiendelee na fungu hilo. Siagi ya njugu inayopimwa kutoka kwenye ndoo isiyo na lebo haikuonyeshi kilichomo ndani yake, mimi singeinunua.

4. Soya. Usisage soya mbichi. Ina vitu vinavyouzuia mwili kumeng'enya protini, na huumiza tumbo. Namna ya kuiandaa iko mbele kidogo.

RAFIKI WA KWANZA: MALA NZITO

Kama utajifunza jambo moja tu hapa, jifunze kuchuja mala. Mala ya kawaida ni nyepesi. Ukiitia matunda yenye maji mengi, unapata juisi yenye maziwa. Mala iliyochujwa inashika, ni nyeupe (rangi zote zinang'aa juu yake) na protini yake imekusanyika pamoja. Inahitaji kitambaa na subira tu.

1. Chemsha lita moja ya maziwa, kisha yaache yapoe hadi kidole kisikie vuguvugu hafifu.
2. Ongeza vijiko vikubwa viwili vya mala ya dukani ambayo haijapitishwa kwenye joto baada ya kuganda. Koroga polepole.
3. Funika, funga sufuria kwa blanketi au leso nzito, iache usiku kucha. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Bila blanketi huenda ukaamka ukute maziwa yaleyale uliyoyaacha.
4. Asubuhi, ikiwa imeganda na inanukia uchachu mzuri, imimine juu ya kitambaa cheupe kilichochemshwa, kilichotandazwa kwenye chujio juu ya sufuria.
5. Acha saa tatu hadi nne, mahali pa baridi. Maji ya rangi ya manjano-kijani yatadondoka chini. Utabaki na karibu nusu lita ya mala nzito.

Yale maji usiyamwage. Yatie kwenye uji au upikie ugali. Yana madini na protini kidogo.

Na mursik? Nimeulizwa. Mursik ya kibuyu ni tamu na protini inayo, ila masizi yanayopakwa ndani ya kibuyu huipa rangi ya kijivu. Smudhi ya embe itageuka rangi ya saruji. Inywe peke yake, kwa heshima yake.

UNGA WA SOYA WA KUWEKA AKIBA

1. Chagua soya kavu, nzima. Osha.
2. Itumbukize kwenye maji ambayo tayari yanatokota, uichemshe kwa dakika 30. Huku juu maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, hivyo usiibe dakika.
3. Mwaga maji, sugua kwa mikono maganda yatoke, suuza.
4. Anika juani kwenye wavu au kitambaa safi hadi ikauke kabisa.
5. Kaanga kwa moto mdogo hadi iwe kahawia hafifu na harufu ya soya mbichi iishe.
6. Peleka kwenye kinu cha posho isagwe laini, au isage nyumbani kidogo kidogo. Chekecha kwa chekeche la unga wa chapati.
7. Hifadhi kwenye mkebe mkavu unaofunga vizuri. Ukianza kunuka mafuta yaliyochacha, utupe.

ULAINI UNATOKA WAPI

Ulaini wa smudhi ni mpangilio zaidi ya nguvu ya mashine. Blenda ndogo ya wati 350 inaweza kutoa kinywaji kisicho na hata punje moja ukiipanga vizuri, na blenda ya bei kali ikatoa mabonge ukiijaza ovyo.

Visu viko chini. Ukitanguliza unga, unanata chini na pembeni ambako visu havifiki. Ukitanguliza tunda gumu, visu vinazunguka hewani na injini inalia. Kinachotakiwa kuwa chini ni kimiminika, ili kianze kuzunguka na kuvuta vingine kuelekea kwenye visu.

Mpangilio ni huu:

1. Maziwa au mala.
2. Tunda laini: ndizi, parachichi, papai.
3. Siagi ya njugu au unga. Unga ukorogwe kwanza na maziwa kidogo ndani ya kikombe hadi uwe rojo. Hatua hii ndiyo inayoua mabonge.
4. Kitu kigumu: karoti iliyochemshwa, bitiruti iliyochemshwa, vipande vya ndizi vilivyogandishwa.
5. Saga kwa mwendo mdogo sekunde 10, zima, koroga kwa mwiko (blenda ikiwa imezimwa na kuchomolewa), kisha mwendo mkubwa sekunde 40 hadi 60.
6. Acha itulie dakika moja. Povu likiwa jingi, umesaga kupita kiasi. Hewa imeingia na rangi itapauka.

Usiendeshe blenda ndogo zaidi ya dakika moja mfululizo. Ukisikia harufu ya waya unaoungua, zima na uiache ipoe. Kuhusu stima usiwe na hofu: blenda ya wati 350 ikifanya kazi dakika tatu kila mara, unit moja ya tokeni husaga zaidi ya mara 50.

Huna blenda, au stima imepotea? Bado unakunywa. Chagua matunda yanayoponda: ndizi iliyoiva hadi ina madoadoa, parachichi, papai, embe lisilo na nyuzi. Yaponde kwenye bakuli kwa uma au kwa mchi wa kinu kidogo, yapitishe kwenye chujio ukiyasukuma kwa mgongo wa kijiko, changanya na siagi ya njugu, kisha mimina ndani ya chupa safi yenye mdomo mpana pamoja na maziwa. Funga, tikisa kwa nguvu. Smudhi ya namna hii hubaki na umbo la tunda mdomoni, na wapo wanaoipenda kuliko ya mashine.

Kwa matunda yenye mbegu kama pasheni, matunda damu na mapera, chuja kabla ya kusaga, siyo baada. Mbegu za pasheni zikisagwa hutapakaza vidoadoa vyeusi na uchungu. Zitie na maji vijiko viwili kwenye chujio, uzisugue kwa kijiko, upate juisi nzito pekee. Matunda damu yapitishe kwanza kwenye maji moto dakika moja. Ngozi yake chungu itavuka yenyewe.

RANGI TATU, SMUDHI TATU

Kila moja hutoa karibu nusu lita: mtu mzima mmoja mwenye njaa ya asubuhi, au watoto wawili wakubwa.

Ya rangi ya chungwa (takriban gramu 22 za protini)

Hii ndiyo ya kuanzia. Ukahawia wa njugu hauonekani ndani ya rangi ya chungwa, kwa hiyo hapa njugu zina ruhusa. Tena kuna faida iliyojificha: kile kinachoipa karoti, embe na papai rangi, ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, hunyonywa vizuri kukiwa na mafuta, na njugu zina mafuta tele.

Mahitaji: mala kikombe 1, ndizi mbivu 1, papai au embe vipande kikombe 1, karoti ndogo 1 iliyochemshwa ikalainika, siagi ya njugu vijiko vikubwa 2, maziwa ya unga vijiko vikubwa 2.

1. Kama huna siagi ya njugu, kaanga konzi ya njugu, sugua maganda yatoke, pepeta, twanga kwenye kinu hadi zianze kutoa mafuta na kushikana.
2. Koroga maziwa ya unga na mala kidogo.
3. Panga kwenye blenda kama ilivyoelezwa, karoti juu, usage.
4. Onja kabla ya kufikiria sukari. Ndizi yenye madoadoa kwa kawaida inatosha.

Msimu wa maembe, yale ya Bonde la Kerio yakifika sokoni Kitale, weka papai kando. Chagua embe lisilo na nyuzi. Ukipata lenye nyuzi, lichuje.

Ya rangi ya waridi (takriban gramu 18)

Hapa njugu zimepigwa marufuku. Protini yote itoke kwa vitu vyeupe. Rangi inatoka kwenye bitiruti, ambayo hupenda uchachu kidogo, ndiyo sababu mala inaifaa kuliko maziwa freshi.

Mahitaji: mala nzito iliyochujwa, mililita 200, maziwa ya unga vijiko vikubwa 2, ndizi mbivu 1, bitiruti iliyochemshwa, kipande cha ukubwa wa kiberiti, matone ya limau, maji yaliyochemshwa, robo kikombe au zaidi upendavyo.

1. Chemsha bitiruti ikiwa na ganda lake na kikonyo kidogo, ili rangi isiishie kwenye maji. Imenye ikishapoa.
2. Saga kila kitu isipokuwa bitiruti hadi kiwe laini.
3. Sasa ongeza bitiruti nusu, saga, tazama rangi. Ongeza iliyobaki ukitaka waridi kolevu.

Kwa nini kidogo kidogo? Bitiruti ikizidi, kinywaji kinanuka udongo na hakuna tunda litakaloificha harufu hiyo. Pia usishtuke choo au mkojo ukionyesha wekundu kesho yake. Kwa baadhi ya watu ni ile rangi ya bitiruti inayopita.

Una mti wa forosadi uani? Konzi moja ya forosadi mbivu inachukua nafasi ya bitiruti. Hakikisha mala ipo: kwenye uchachu rangi yake inakuwa nyekundu ya kupendeza, kwenye maziwa freshi inaelekea zambarau ya kijivu.

Ya kijani (takriban gramu 19)

Hii ndiyo inayowashinda wengi. Kijani cha majani ni kinyume cha bitiruti: uchachu unakiua. Mala, limau na pasheni hugeuza kijani kuwa rangi ya jani lililokauka. Tumia maziwa freshi, na unywe mara moja kabla parachichi halijapata weusi.

Mahitaji: maziwa freshi yaliyochemshwa na kupoa, mililita 300; parachichi nusu; ndizi 1; spinachi majani machache; unga wa soya vijiko vikubwa 2.

1. Toa vikonyo vya spinachi. Tumbukiza majani kwenye maji yanayotokota kwa nusu dakika, yatoe, yatie mara moja kwenye maji baridi yaliyochemshwa. Kijani kitakolea badala ya kufifia.
2. Kamua maji, kata kata.
3. Koroga unga wa soya na maziwa kidogo uwe rojo.
4. Saga spinachi na maziwa peke yake kwanza, hadi usione jani. Ndipo uongeze rojo la soya, ndizi, na mwisho parachichi. Parachichi linahitaji sekunde 15 tu.

Sukuma wiki iache kwa ugali. Ikiwa mbichi ina nyuzi ngumu na ladha inayotawala kila kitu.

KISANDUKU: ONYO LA RANGI YA TOPE

Nyekundu na kijani kwenye jagi moja ni kahawia, hata kila kimoja kikiwa kizuri namna gani. Ukitaka rangi mbili kwenye glasi moja, saga kila rangi peke yake, mimina iliyo nzito zaidi chini, kisha mimina ya pili polepole juu ya mgongo wa kijiko. Waridi juu ya chungwa inapendeza sana. Kijani chini ya waridi pia inakubali, ilimradi mnywaji asikoroge.

MAKOSA YA KILA SIKU

Nanasi bichi na maziwa. Nanasi lina kimeng'enya kinachokata protini, na papai linacho cha kwake. Ukichanganya na maziwa ukaacha nusu saa, ladha inageuka kuwa chungu na maziwa yanakatika. Nanasi lichemshe dakika tatu, lipoe, ndipo ulisage. Papai si kali hivyo. Unywe tu bila kuchelewa.

Sukari na asali. Mtu anaweka vijiko vitatu kwa mazoea, kama chai. Matunda yakiwa yameiva, hayahitaji. Kama smudhi haina utamu, tatizo ni tunda bichi, na dawa yake ni kusubiri siku mbili.

Maji mengi ili "itoshe watu". Protini haiongezeki kwa maji. Wageni wakizidi, ongeza mala.

Kuweka akiba ya kesho. Bila friji, smudhi ni ya kunywewa papo hapo. Usipitishe saa moja. Kwenye friji, ndani ya chupa iliyojazwa hadi mdomoni, inakaa hadi kesho yake, ila rangi na ladha zitashuka. Ukiwa na friza, gandisha ndizi zilizomenywa na kukatwa, siyo smudhi iliyokamilika. Ndizi zilizogandishwa huchukua nafasi ya barafu bila kuongeza maji.

Kuosha blenda baadaye. Maziwa na njugu vikikauka chini ya visu, vinaoza huko. Mara tu ukimaliza kumimina, tia maji ya vuguvugu na tone la sabuni, endesha sekunde 30, chomoa waya, fungua visu, osha ule mpira wa kuzuia kuvuja, anika vyote wazi. Blenda yenye harufu isiyoisha, mara nyingi tatizo ni mpira huo.

NANI AWE MWANGALIFU

Mtoto wa chini ya miezi sita ni wa maziwa ya mama pekee. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Njugu, soya na maziwa vinaweza kuleta mzio. Kwa mtoto anayeonja kwa mara ya kwanza, mpe kitu kimoja kipya kwa wakati, kidogo, na umtazame. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, kimbilia hospitali bila kungoja.

Mwenye kisukari asinywe glasi nzima ya matunda matamu kwa mkupuo: apunguze ndizi na embe, aongeze mala na parachichi, na apime sukari yake. Mwenye ugonjwa wa figo azungumze na daktari wake kwanza, kwa sababu protini, ndizi na parachichi vyote vinaweza kuwa vingi mno kwake. Anayeumwa tumbo kwa maziwa freshi ajaribu mala. Wengi huivumilia vizuri zaidi kwa kuwa sehemu ya sukari ya maziwa imeshaliwa wakati wa kuganda.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUBONYEZA

[ ] Maziwa yamechemshwa au ni ya pakiti nzima
[ ] Maji na barafu ni salama
[ ] Njugu zimechaguliwa punje kwa punje
[ ] Soya ilichemshwa na kukaangwa
[ ] Mikono, kisu na matunda vimeoshwa, hata tunda la kumenywa
[ ] Rangi imechaguliwa, na protini inaendana nayo
[ ] Kimiminika kiko chini, kigumu kiko juu
[ ] Unga umekorogwa kuwa rojo
[ ] Kifuniko kimekaa sawasawa, na mkono uko juu yake

Ukienda sokoni na pesa ni kidogo, ya mala na ya njugu itangulie. Tunda chukua lolote lililoiva siku hiyo, hata ndizi pekee. Na kama hujawahi kusaga, anza na ile ya rangi ya chungwa: ukikosea vipimo bado inanyweka, jambo ambalo siwezi kukuahidi kwa ile ya kijani.